UZI: Mtangulizi, mhenga, nkambo. Tunaposema hivi hapa Lubumbashi tunamaanisha nani?

Mleta mada (Kamalondo, Lubumbashi)

Habari zenu, wanajukwaa. Poleni na kazi.

Mimi husahihisha maandishi ya Kiswahili ya watu wa mji huu: hotuba za harusi, matangazo ya redio, vijitabu vya parokia, barua za jumuiya. Juzi imenifikia hotuba ya kuwashukuru wafanyakazi wa zamani wa mgodi. Mzee mmoja, fundi wa tanuru aliyestaafu, ameitwa mhenga katika aya ya kwanza, nkambo katika aya ya pili na mtangulizi katika aya ya tatu, kana kwamba maneno hayo matatu ni kitu kimoja. Mzee mwenyewe yu hai na siku ya sherehe atakaa mstari wa mbele akisikiliza. Aliyeandika hotuba si mjukuu wake, wala hakuwahi kushika kazi yake. Kwa hiyo hata neno moja kati ya hayo halikumfaa sawasawa, na hilo limeniuma, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kwenye moto miaka yote ile anastahili kuitwa kwa neno lililo lake.

Nianze na mtangulizi, maana ndilo linalosumbua zaidi.

Limetoka katika kitenzi kutangulia, kwa njia ile ile iliyotupatia msaidizi kutoka kusaidia na mwangalizi kutoka kuangalia. Ni jina la mtu aliyetenda jambo: alikwenda mbele. Sasa, mtu hatangulii hivi hivi tu. Anatangulia katika njia fulani, na nyuma yake yuko anayeifuata njia hiyo. Ndiyo maana kila ninapolikuta neno hili katika karatasi ya mtu humuuliza mwandishi maswali mawili: mtangulizi wa nani? Katika nini? Akijibu yote mawili bila kusita, neno limekaa mahali pake. Akibaki kusema "ni mtangulizi tu, wa sisi sote", nalifuta na kutafuta jingine.

Umri haumo. Tarehe 24 Januari 2019 Félix Tshisekedi alipoapishwa kuwa rais wa Kongo, Joseph Kabila akawa mtangulizi wake. Tshisekedi amezaliwa mwaka 1963, Kabila mwaka 1971. Aliyetangulia ni mdogo kwa miaka minane, na bado ni mtangulizi kamili.

Damu nayo haimo. Tukirudi nyuma hatua moja, mtangulizi wa Joseph Kabila ni Laurent-Désiré Kabila aliyeuawa Januari 2001, ambaye pia ni baba yake. Hapo mtu mmoja anabeba majina mawili kwa sababu mbili tofauti: baba kwa kuwa alimzaa, mtangulizi kwa kuwa alikalia kiti kile kabla yake. Mwandishi anayelielewa hilo hawezi kuandika "mtangulizi" akidhani amesema "mzazi".

Na kifo hakimo. Mtangulizi anaweza kuwa hai, akapiga simu kuuliza ofisi inaendeleaje.

Mhenga ni habari nyingine kabisa. Huyo ni mtu wa kale mwenye busara, na kwa kawaida tunamtaja katika wingi na bila sura: wahenga walisema, wahenga hawakukosea. Hatumjui kwa jina wala hatujui kijiji chake, tumebaki na kauli yake. Ukiweza kunionyesha nyumba yake na namba ya simu ya bintiye, huyo si mhenga, huyo ni mzee.

Nkambo ndilo neno letu la hapa Katanga kwa babu na bibi, na bankambo ni wote walio juu yao, waliokufa zamani. Hapo damu ndiyo inayotawala, au jina. Nasema au jina kwa sababu hili liko karibu na mlango wangu. Jirani yangu amempa mwanawe jina la marehemu baba yake. Mtoto bado anatambaa. Asubuhi jirani akitoka kwenda kazini anamwinamia pale kwenye mkeka: "Papa, miye naenda, bakia muzuri." Hasemi kwa kuchezacheza na mtoto, anasema kwa heshima, na sauti yake inashuka. Bibi wa mtoto, mjane wa yule marehemu, akimbeba anamwita "bwana yangu". Wakipika kuku, kuna kipande kinachowekwa pembeni kwa ajili yake, ingawa meno hayajatosha. Mtoto yule ni nkambo, ni papa, ni bwana. Mtangulizi siye, maana hajamtangulia mtu yeyote katika jambo lolote. Yeye ndiye aliyekuja mwisho.

Najua humu wamo watu wa Bukavu, Goma, Kalemie, Dar, Mombasa. Leteni ya kwenu.

Karani wa komine

Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku), asante kwa mada. Ofisini kwetu, tuseme ukweli, neno linalotumika ni prédécesseur. "Prédécesseur wangu aliacha faili hii hivi." Lakini nimelipenda swali lako la pili, "katika nini?", kwa sababu sisi tuna siku ambayo jibu lake linawekwa mezani, siku ya remise et reprise.

Kwa wasioijua: anayetoka na anayeingia wanakaa pamoja, mbele ya shahidi, na orodha inasomwa. Muhuri. Funguo, na ufunguo upi wa mlango upi. Madaftari ya vizazi na ya vifo, yameishia ukurasa gani. Viti vingapi, vizima na vilivyovunjika. Deni lililobaki. Kila kitu kinaguswa kwa mkono, kisha wote wawili wanatia sahihi. Nimeona mtu mzima akikataa kusaini kwa sababu ya kabati moja lililoandikwa na halionekani. Kabla ya sahihi ile aliyepo si mtangulizi wa mtu. Kalamu ikiinuliwa tu, amekwisha kuwa mtangulizi.

Maswali yangu mawili. Aliyekuwa kabla ya yule aliyenikabidhi mimi namwitaje? Na mtu aliyeshika kiti kwa muda, a.i. kama tunavyoandika, je, anahesabiwa?

Mleta mada

Karani ndugu yangu, umenisaidia kuliko kamusi.

Neno likisimama peke yake, "mtangulizi wangu", msikilizaji anamwelewa yule wa karibu, aliyekukabidhi wewe. Ukitaka wa nyuma yake sema "mtangulizi wa mtangulizi wangu", au "mmoja wa watangulizi wangu", au umtaje kwa miaka yake. Kosa ninalolikuta sana ni mtu kuandika "mtangulizi wa Tshisekedi, Mobutu". Mobutu aliondoka mwaka 1997, na kati yao wamepita Kabila wawili. Ni mmoja wa watangulizi wake, ndiyo. Ila ukiandika hivyo bila "mmoja wa", umewafuta watu wawili katika historia ya nchi.

Aliyekaimu ni kaimu. Kama alikabidhiwa na akakabidhi, kwa haki anaingia katika mstari. Kwa desturi watu humruka, na kwa maoni yangu wanamdhulumu, hasa pale kaimu anapokaa miaka.

Dereva (Tunduma hadi Kasumbalesa)

Shikamoo dada, kama ni mkubwa kwangu. Mimi ni Mtanzania, naendesha lori, sasa hivi niko foleni ya mpakani Kasumbalesa kwa hiyo muda wa kusoma ninao.

Kwanza hilo la mhenga. Kwetu mitandaoni limeshabadilika. Vijana wakimwona mtu anayekumbuka redio ya mkulima au kaseti wanamwita mhenga, na wapo wanaojiita wenyewe, "sisi wahenga". Wanatania, lakini kwa kurudiarudia ndivyo neno linavyokua. Sijui dada utalifuta na hilo?

Pili, kwetu "ametangulia" bila kuongeza kitu ni amefariki. "Ametangulia mbele ya haki", "wametutangulia, nasi tu nyuma yao". Ndiyo maana rais akifa madarakani habari zinatuchanganya kidogo. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021 na Mama Samia akaapishwa tarehe 19. Redioni wakisema "mtangulizi wake, hayati Magufuli", mtu wa kijijini anasikia kutangulia mara mbili, kitini na kaburini.

Tatu, na hapa ndipo nina hoja. Umesema mtangulizi ni aliyekwenda mbele katika njia na nyuma yake kuna anayefuata. Mbele yangu hapa kuna malori yasiyohesabika, yote yamenitangulia, yote njia moja. Hakuna dereva anayesema "yule ni mtangulizi wangu". Tunasema aliye mbele yangu, basi. Na wazee wetu wanatuambia kutangulia si kufika. Sasa neno linakataa nini hapo?

Mleta mada

Marahaba, mdogo wangu, na pole na foleni.

Linakataa kwa sababu aliye mbele yako hakuachii kitu. Akivuka mpaka anakwenda na lori lake, wewe unabaki na lako. Sasa mfikirie dereva aliyeendesha lori hilo hilo kabla yako, akakuachia funguo, makaratasi na ile tabia ya gia ya tatu kukataa. Huyo unaweza kumwita mtangulizi wako na hakuna atakayeshangaa. Kwa hiyo njia peke yake haitoshi, lazima pawe na nafasi moja ambayo yeye aliitoka na wewe ukaiingia. Foleni inatoa kitenzi, haitoi jina.

Kuhusu mhenga wa mitandaoni, silifuti kwa vijana wakizungumza wao kwa wao. Nalifuta katika hotuba ya kumshukuru mzee aliye hai, mbele ya watoto wake, kwa sababu pale halisikiki kama utani wala kama heshima. Linasikika kana kwamba tumekwisha kumzika.

Na kwa kuwa umetaja anayefuata nyuma, liko neno jirani ambalo limepinda kuliko yote: mwandamizi. Kuandama ni kufuata, na mwandamizi wa zamani alikuwa anayemfuata mtu na kushika nafasi baada yake, yaani kinyume kabisa cha mtangulizi. Leo kwenye ofisi za kwenu "afisa mwandamizi" ni mkubwa wa ngazi. Wa nyuma amehamia mbele. Mtu akisoma maandishi ya zamani bila kujua hilo atamgeuza mrithi kuwa bosi.

Mama wa Bukavu

Nami niseme kidogo, wanangu. Huku kwetu Bukavu wengi wanasema koko kwa babu na bibi, na bakoko kwa wa zamani. Nkambo ni neno la huko kwenu kusini. Mtangulizi nalisikia kanisani hasa. Wakati wa Majilio padri akimhubiri Yohana Mbatizaji anamwita mtangulizi wa Bwana. Hapo hakuna kiti alichokitoka Yohana kikakaliwa na Yesu. Alitengeneza njia tu. Yaya wa Lubumbashi, hilo unaliweka wapi?

Na kwenye kilio hatusemi watangulizi. Tunasema "wale waliotutangulia". Ukisema "watangulizi" mbele ya jeneza inasikika baridi, kama barua ya serikali.

Mleta mada

Mama, nakushukuru kwa hilo la kilio. Kuna kazi ambayo "waliotutangulia" inaifanya na "watangulizi" haiwezi. Ile ya kwanza bado ni kitenzi, kuna watu wanaotembea ndani yake, na sisi tumo, katika ile -tu-. Jina limekwisha kuganda. Tangu leo katika maandishi ya msiba nitaishikilia hiyo yako.

Yohana ni mtangulizi wa aina ya pili, anayetumwa mbele ili anayekuja apokewe, kama mjumbe anavyotangulizwa kijijini siku moja kabla ya mgeni mkubwa kufika. Maana hii ni kongwe na ni halali, na tunayo hata nje ya kanisa: kutanguliza mzigo, kutanguliza pesa, kutanguliza shukrani. Na hata yeye anajibu maswali yangu mawili: mtangulizi wa nani? Wa Bwana. Katika nini? Katika kuhubiri.

Mwana wa Katuba

Yaya, minasoma yote. Shiye ku nyumba ile neno mutangulizi hatuisemake, ni ya ba-radio na ba-pasteur. Tunasemaka "benye balitutangulia" ao "bakubwa ba zamani". Ile mama ya Bukavu anasema ni kweli kabisa.

Sasa miye niko na ulizo moja. Baba yangu alitumika Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, nkambo yangu alitumika Union Minière, ile ya Babeleji. Baba anasemaka Union Minière njo mutangulizi wa Gécamines, na njo ilianza shaba hapa. Kampuni inaweza kuwa mutangulizi? Na ni kweli njo ilianza?

Mleta mada

Mdogo wangu wa Katuba, maswali yako mawili nimeyangoja tangu jana bila kujua.

La kwanza ni jepesi. Mtangulizi ni wa ngeli ya watu. Magazeti yanaandika "kampuni mtangulizi" na sikio limeanza kuzoea, ila Kiswahili kina njia iliyonyooka zaidi: Union Minière ndiyo kampuni iliyoitangulia Gécamines. Na makabidhiano yalikuwepo, hata kama yalikuwa ya mvutano, maana serikali ilitaifisha mali za Union Minière, na tangu mwanzo wa Januari 1967 zikawa chini ya Gécomin, ambayo baadaye ndiyo iliyoitwa Gécamines. Mashimo yale yale, matanuru yale yale, kambi zile zile. Baba yako amesema sawa.

La pili hapana. Naomba nikae nalo kidogo, kwa sababu hapa kulitumia neno ovyo kunatunyang'anya watu.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba mwaka 1911, na madini yalitoka kwenye mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile, huku upande wa Ruashi. Jina la mahali pale kabla ya hapo ni Kalukuluku. Mahali penye jina pana watu. Wazungu waliokuja kutafuta shaba Katanga waliongozwa hadi kwenye mashimo ambayo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa, kwa mkono, na wenyeji.

Kazi ilifanyika kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, wakati mvua haiwezi kuzima moto wala kujaza mashimo. Walitafuta lile jiwe la kijani, malakiti, wakalivunjavunja na kulichambua kwa mkono. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule unastahimili moto. Juu yake makaa ya miti migumu, pembeni mivukuto ya ngozi, na watu wa kupokezana kuvukuta. Shaba ikiyeyuka ilishuka chini, na baadaye ikamiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mimi nimeushika msalaba mmoja wa namna hiyo. Unashtua kwa uzito, kingo zake zina mawimbi pale shaba ilipofurika kidogo, na upande wa chini unakwaruza kama mchanga. Mkono unajua papo hapo kwamba aliyekitengeneza kitu hiki hakuwa anajaribu. Alikuwa amefundishwa na mtu, na huyo mtu naye na mwingine.

Misalaba hiyo imekutwa makaburini kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walianza kazi mwaka 1957. Makaburi mengine pale yamepita miaka elfu moja, yenye vito na vyombo vya shaba. Misalaba inakuja katika yale ya baadaye kidogo, na kadiri karne zinavyosogea inakuwa midogo na yenye kulingana, dalili kwamba ilikuwa imeanza kutumika kama fedha. Yote hayo ni karne nyingi kabla mtu yeyote Brussels hajatamka neno Katanga. Na Katanga ilipojitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, bendera yake iliwekwa misalaba mitatu ya shaba. Hata wale waliokuwa na Union Minière upande wao walijua alama ya nchi hii ni ya nani.

Kwa hiyo ukiniuliza nani watangulizi wa fundi wa tanuru wa Gécamines, nitaanza na mafundi wa Union Minière, kisha sitakubali kuishia hapo. Kiti walikikalia wengine kabla. Walikitoka kwa kufukuzwa, hapakuwa na remise et reprise, hakuna aliyesaini orodha. Lakini shimo ni lile lile, na jiwe ni lile lile. Nitawaita watangulizi, na atakayelifuta neno hilo aje tuzungumze.

Dereva wetu wa Kasumbalesa naye asidhani hayamhusu. Msiri, aliyejenga ufalme wa Wayeke huko Bunkeya na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, alitoka pande za kwenu za Unyamwezi, na baba yake Kalasa alikuwa akija huku kununua shaba na kurudi nayo mashariki. Safari ile ile, mzigo ule ule, ila kwa miguu na mabega.

Dereva (Tunduma hadi Kasumbalesa)

Dada, hilo la Kalasa sikulijua kabisa, na nimepita Bunkeya kwenye ramani mara nyingi. Kumbe tulianza zamani. Nimewasomea wenzangu wawili hapa kwenye foleni, mmoja ni Msumbwa wa huko huko Unyamwezi, amesimama kabisa.

Mwanafunzi wa historia, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Yaya, naheshimu kazi yako, lakini maswali yako mawili yanakwama ukifika kwa Walunda na Waluba, na hao ni wenyeji wa Katanga kuliko ofisi za komine.

Kwa Walunda anayeshika cheo anashika na jina, na akishika jina anashika undugu wa jina. Mwant Yav, mfalme wa Walunda, wa leo ni Mwant Yav, kama wote waliomtangulia. Kama mwenye cheo fulani wa kwanza alikuwa kaka mkubwa wa mwenye cheo kingine, basi hivyo hivyo hadi leo. Kijana wa miaka thelathini akirithi cheo kile anaitwa mkubwa na mzee wa miaka sabini mwenye cheo cha pili, na mzee anakubali. Huko Luapula nchini Zambia, kwa Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, wazee wakisimulia safari ya kutoka magharibi wanasema "mimi nilivuka mto", ilhali aliyevuka alivuka karne kadhaa zilizopita. Hapo mtangulizi yuko wapi? Hayupo nyuma. Ndiye anayesema.

Kwa Waluba ni kinyume chake. Mfalme akifa, makao yake hayarithiwi. Yanageuka kitenta, mji wa roho yake, na anawekwa mwanamke anayeitwa Mwadi ambaye roho ya mfalme inakaa ndani yake. Mfalme mpya anakwenda kujenga makao yake mahali pengine. Kiti hakiachwi. Yule wa zamani anabaki nacho, na watu wanakwenda kumshauri.

Kwa hiyo kwa wa kwanza kiti kimoja kina mtu mmoja tu daima, kwa wa pili kila mtu ana kiti chake milele. Neno lako linataka kiti kimoja na watu wawili.

Mleta mada

Mwanangu, umeandika vizuri, na nakubaliana nawe kwamba neno mtangulizi linaishiwa nguvu hapo. Sitalilazimisha. Ukiandika juu ya Mwant Yav, usiseme "watangulizi wake walipigana vita hivi" kama unavyosema juu ya gavana. Sema "Mwant Yav alipigana vita hivi", halafu utaje wakati, au mtaje mwenye cheo kwa jina lake la kuzaliwa. Wabemba, ambao damu yao imejaa katika mji huu, wana ukupyana kwa tendo la kurithi hivi, na mrithi ni impyani. Hapa Lubumbashi kupyana kinasikika hata katika Kiswahili chetu, na sioni aibu kukiandika, maana kurithi kwetu kumeegemea sana mali: nyumba, shamba, gari. Kupyana ni kumwingia mtu katika nafasi yake na undugu wake wote.

Kwa kitenta, sema tu "mfalme wa kabla yake". Mwadi akiwa pale amekaa, watu wakimsujudia kama mfalme mwenyewe, ukimwita mtangulizi umemwondoa mahali ambapo Waluba hawakumwondoa.

Na yule mtoto wa jirani yangu niliyemwandika mwanzo, anayeitwa papa, yuko karibu na Walunda wako kuliko na karani wetu. Hilo nimeliona kwa kukusoma wewe.

Karani wa komine

Yaya, moja la mwisho nikaandike ripoti. Watangulizi wangu au watangulizi zangu? Hapa ofisini tumegawanyika.

Mleta mada

Watangulizi wangu, watangulizi wetu. Hiyo "zangu" inakaa na majina ya undugu ambayo hayana m- na wa-: ndugu zangu, kaka zangu, mama zangu, na mababu zetu. Watangulizi wana wa- yao mbele, inawatosha. Wahenga hali kadhalika, wahenga wetu. Bankambo kwa Kiswahili cha hapa ni bankambo betu, na ukiandika kwa wasomaji wa Dar weka mababu zetu, watakuelewa.